Utani Uliopigwa Muhuri

1

Spika zote za uwanja zilikata saa kumi na dakika saba alasiri, Pambo akiwa katikati ya ubeti wa pili. Hazikukoroma wala kupiga yowe kama spika mbovu. Zilinyamaza zote mara moja, na kwenye skrini kubwa nyuma ya jukwaa yakatokea maandishi meupe: WIMBO HUU SI WA MWIMBAJI. KAULI IMEKOMAA.

Watu elfu arobaini wa Dodoma walidhani ni mbwembwe mpya. Siwalaumu, Pambo mwenyewe ndiye aliyewazoesha. Mwaka juzi alivaa joho la manyoya mia tisa yaliyobadilika rangi kufuata mapigo ya moyo wake. Mwaka jana alitokea ndani ya mzinga wa nyuki mkubwa kuliko lori. Siku hiyo aliingia ameketi juu ya sanduku la chuma, amebebwa na wanaume kumi na wawili waliovaa kama wapagazi wa zamani, naye amejipaka dhahabu kuanzia kidevuni hadi utosini. Kwa hiyo watu walipiga makofi. Pambo akaendelea kuimba bila spika, mishipa ya shingo imemtoka, na sauti yake ikaishia kwenye safu tatu za mbele.

Mimi nilikuwa safu ya kwanza. Kwa miaka saba nilikaa safu ya kwanza, kwa sababu mimi Sikudhani Zomboko wa gazeti la Mwangwi ndiye niliyeandika habari zake tangu hana hata viatu vya jukwaani. Niliyasoma maandishi yale meupe mara moja tu. Kauli iliyokuwa imekomaa ilikuwa ya kwangu.

2

Chumba cha kubadilishia nguo kilinuka jasho na rangi. Pambo, ambaye kwao Urambo wanamwita Mihayo, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anajifuta dhahabu kwa taulo.

"Mtumwa wangu," alisema nilipoingia, "umeniua kweupe."

"Kufa vizuri basi, tukuzike na hayo mapambo yako."

Ndivyo tulivyozoea. Mimi Mzaramo wa Kisarawe, yeye Mnyamwezi, watani tangu enzi za mababu waliokutana kwenye njia za misafara. Mtani atakuita mtumwa wake, ataingia kwako abebe kiti aondoke nacho, atakutukana mbele ya wakweo, na wewe huna ruhusa ya kununa.

"Sikiliza, Siku. Watu wa Daftari la Umma wameniandikia. Kauli yako imetimiza miaka saba leo saa kumi na dakika saba, na hakuna aliyeipinga. Kwa hiyo kila spika nchini imeshaambiwa kwamba 'Nta' si wimbo wangu." Alicheka, ila kicheko hakikufika mbali. "Ile ile kauli ya mpagazi! Hivi wasomi wote wale wa Daftari, hakuna hata mmoja anayejua kwamba Mzaramo akimwita Mnyamwezi mpagazi anamtania?"

Kabla sijajibu, simu yake iliita. Alikuwa dada yake, Kabula, kutoka Urambo. Nyuma yake kwenye kioo cha simu nilimwona mama yao ameketi kitandani, analishika sikio moja, kisha jingine.

"Kaka, mama anasema umenyamaza," Kabula alisema. "Nyimbo nyingine zote kazisikia. Ulipoanza 'Nta' tu, kimya. Anakuona unafungua mdomo. Nimebadilisha betri za vile vifaa vyake vya masikioni mara mbili."

Mihayo alielewa kabla yangu. Vifaa vile vya kumsaidia mama kusikia navyo ni spika. Vinasikiliza, vinauliza Daftari, kisha ndipo vinapeleka sauti ndani. Na bila hivyo yule mama hasikii hata radi.

"Mwambie nitamwimbia wiki ijayo," alisema, akakata simu. Akaendelea kujifuta kwa taulo. "Alhamisi Baraza la Kauli linakaa. Wamesema ni mwandishi mwenyewe tu anayeweza kuifuta. Tutakwenda, utawaambia ulikuwa unanitania, tutarudi zetu. Au unataka nikupigie magoti, mtumwa wewe?"

"Nitakwenda," nilisema.

Aibu ilinipanda hadi masikioni. Nikainama kwenye mkoba wangu kana kwamba natafuta kitu.

3

Inabidi nieleze Mpimo, maana wapo watakaosoma haya wakati umeshafutwa.

Miaka ile picha za uongo na sauti za uongo zilikuwa zimejaa kwenye kila simu, hadi watu wakawa hawaamini tangazo la msiba mpaka walione kaburi. Ndipo ukaletwa Mpimo: waandishi tukafungwa kishikizo, kitu kidogo mfano wa kifungo cha shati, kinachoshonwa kwenye ngozi chini ya koo. Ukitaka kutoa kauli unakibonyeza, unasema. Kishikizo kinasoma mapigo ya moyo, jasho, na mtetemo wa koo. Kikiwaka nyekundu, unadanganya, na kauli inatupwa. Kikiwaka njano, unafanya mzaha, na kauli inawekwa kando isiwe na uzito. Kikiwaka kijani, umemaanisha. Hapo kauli inapigwa muhuri wa Dhati na kuingia Daftari la Umma, ambako kila mtu na kila kifaa kitaitegemea.

Mwenye akili ameshaliona tatizo. Dhati si kweli. Mtu anaweza kumaanisha kabisa jambo asilolijua. Sisi wenye vishikizo tulilielewa hilo tangu wiki ya kwanza ya mafunzo, na tukanyamaza, kwa sababu watu walituamini na kuaminiwa kulikuwa kutamu. Baada ya mwaka mmoja hakuna aliyekuwa akitofautisha yale maneno mawili.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Mihayo alikuwa na miaka kumi na tisa, mimi thelathini na tatu. Gazeti lilinituma Tabora kuandika habari za wasanii chipukizi, kazi waliyopewa watu ambao mhariri hakujua awafanyie nini. Ukumbini akapanda kijana mwembamba aliyevaa kanzu iliyoshonewa vizibo vya soda, mamia kwa mamia, na kilemba cha manyoya ya kuku yaliyotiwa rangi ya nguo. Alitembea akilia kachakacha. Alijitaja kwa jina kama anamsema mtu mwingine. "Pambo hakai kwenye viti vya plastiki," alisema, na kweli alikataa kukaa.

Nilimdharau hapo hapo. Mimi nilitumia miaka kumi kujifunza kuongea Kiswahili cha studio ili watu wa Dar wasinicheke kwa lafudhi ya nyumbani kwetu Mzenga, na huyu mshamba alikuwa ameuvaa ushamba wake kama taji.

Kisha akaimba "Nta". Ni wimbo wa mama mrina asali ambaye masikio yameanza kuziba, anaweka kiganja juu ya mzinga asikie nyuki kwa mkono. Ukumbi ulitulia. Mimi nilijikuta nalia, na nikamkasirikia kwa hilo. Sikukubali kwamba mtu mwenye mbwembwe zile anaweza kuwa na huzuni ile. Huu wimbo kautoa mahali, nilijiambia. Lazima ameuiba kwa mzee fulani kijijini.

Nikasimama, nikabonyeza kishikizo, nikasema kwa sauti ya kuchekesha, "Mabibi na mabwana, huyu ni Mnyamwezi, huyu ni mpagazi wetu. Wimbo si wake, ameubeba tu!"

Watu wakaangua kicheko. Mihayo ndiye aliyecheka kuliko wote. "Na wewe mtumwa wangu utaubeba mpaka Dar!" akajibu.

Kishikizo kikawaka kijani.

Wakacheka mara mbili zaidi. Mashine ya serikali imeshindwa kujua utani! Kesho yake habari ilienea nchi nzima, na ndani ya mwezi mmoja kila mtu alimjua Mpagazi wa Urambo aliyeuchanganya Mpimo. Mihayo aliudaka utani ule akaujengea kila kitu: masanduku, misafara ya jukwaani, fimbo za dhahabu. Mimi nikapandishwa cheo kuwa mwandishi wake. Tulipata umaarufu pamoja kwa kichekesho kimoja, na watu mia mbili waliokuwemo ukumbini wako tayari kuapa kwamba mashine ilikosea.

Haikukosea.

4

Miezi sita baadaye nilikwenda Urambo kuandika makala kuhusu utoto wake. Mama yake alinikaribisha kwa "mwangaluka", salamu ya kwao, na bakuli la asali yenye masega. Mazungumzo yalipokolea akatoa kutoka chini ya godoro madaftari manne ya shule. "Nta" ilikuwa mle, imeandikwa, imekatwa, imeandikwa tena, tangu Mihayo ana miaka kumi na tatu. Kwenye ukurasa mmoja alikuwa amejaribu neno "kiganja" mara kumi na moja.

"Alikuwa anaandika huku amekaa mlangoni," mama alisema. "Anadhani mimi sijui kama ni mimi."

Ningeweza kuifuta kauli jioni ile ile. Ilihitaji kubonyeza kishikizo na kusema kwamba nilisema nisilolijua. Lakini hapo ningelazimika kukiri kwamba sikuwa natania, na wakati huo jina langu lote lilikuwa limesimama juu ya utani. Nikasema nitaifuta wiki ijayo. Niliendelea kusema hivyo kwa miaka sita na nusu.

Na katikati ya miaka hiyo baba yangu alikufa. Mihayo aliacha onyesho Mwanza, akaja Kisarawe bila dhahabu wala manyoya, akafanya kazi ya mtani. Alivaa koti la marehemu. Alitembea kama yeye, goti la kushoto limekaza, akakohoa kama yeye, akawafokea wajomba zangu kwa sauti yake hasa. Waombolezaji walicheka huku wanalia. Alilala mbele ya jeneza akagoma kuamka mpaka nimwambie yeye ni bwana wangu. Nilimwambia. Ndipo nikaweza kumzika baba yangu. Mtu akikufanyia hivyo hakuna namna ya kumlipa, na mimi nilikuwa nimeutumia utani huo huo kama shuka la kujifunikia.

5

Jumatano asubuhi mhariri wangu, Bwana Ngwilizi, alifunga mlango wa ofisi yake, jambo ambalo hulifanya akiwa anafukuza mtu au anamwokoa.

"Kesho watakuambia uirudie kauli ile ile, kwa maneno yale yale, kishikizo kikiwa wazi," alisema. "Kikiwaka njano, imekwisha. Mashine ilikosea, kauli inafutwa, msanii anapata wimbo wake, na wewe unabaki kuwa Sikudhani wetu. Sasa niambie, dada yangu. Kitawaka njano?"

Nilifikiri. Miaka saba nimemwita mpagazi. Nimekula kwake, amebeba viti vyangu viwili na redio, amemzika baba yangu. Siku hizi nikimwita hivyo nacheka kabla sijamaliza neno.

"Kitawaka njano," nilisema.

"Basi tatizo liko wapi? Mbona uso umekusawijika?"

"Siku ile hakikukosea, Bwana Ngwilizi. Niliimaanisha."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Hilo hujaniambia," alisema. "Na kesho ukiulizwa kama una la kuongeza, utasema huna. Kijana anapata haki yake ama hapati?"

"Anapata."

"Mama yake atasikia ama hatasikia?"

"Atasikia."

"Basi usitafute kujisafisha kwa gharama ya gazeti zima. Umeelewa?"

Nilielewa vizuri sana, na nikakubali. Nilitoka pale nimepumua. Nalisema hili ili nisije nikaonekana mtu mwema.

6

Baraza la Kauli lilikaa kwenye ukumbi mdogo wenye feni mbili. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo aitwaye Bi Mkunde, mwenye sauti ya mwalimu mkuu. Mihayo aliketi mstari wa mbele na suti ya zambarau iliyokuwa na taa ndogondogo kwenye kola. Nilipopita alinyoosha mguu anikwaze.

"Mheshimiwa," alisema kwa sauti, "huyu mtumwa nimemleta mwenyewe. Asipojibu vizuri nitamrudisha Kisarawe kwa miguu."

Ukumbi ulicheka, hata Bi Mkunde alibana midomo. Akaniambia niirudie kauli.

Nikabonyeza. "Huyu ni Mnyamwezi, huyu ni mpagazi wetu. Wimbo si wake, ameubeba tu." Kicheko kilinitoka nilipofika "ameubeba," maana Mihayo alikuwa amejiwekea mkoba wangu kichwani.

Njano.

Bwana Ngwilizi alishusha pumzi. Bi Mkunde akaandika, kisha akasoma alichoandika.

"Baraza limeridhika kwamba kauli ilikuwa utani wa jadi na Mpimo haukuutambua. Kauli itafutwa. Zaidi ya hapo, ili kosa hili lisirudiwe, rekodi ya mwili wa mwandishi ya siku ile ya Tabora itatumika kuufundisha Mpimo utani. Kuanzia mwezi ujao, kauli yoyote yenye mapigo na mtetemo kama ule itawekwa njano. Dada Sikudhani, una la kuongeza?"

Nilikuwa nimeshaandaa lile "sina". Lakini nilikisikia vizuri alichosema. Wangechukua moyo wangu wa siku ile, ile dharau yangu jinsi ilivyodunda, waifundishe mashine kwamba hivi ndivyo watani wanavyopendana. Na kila atakayemdharau mwenzake kuanzia hapo atawekewa njano, aambiwe hakusema kitu. Mihayo alikuwa bado na mkoba kichwani, ananikonyeza.

"Mheshimiwa, msiitumie rekodi hiyo," nilisema.

"Kwa sababu gani?"

Nikabonyeza kishikizo. Kidole kiliteleza, nikabonyeza tena.

"Siku ile sikutania. Nilimwona mshamba aliyejipamba, nikataka wimbo usiwe wake. Sikuwa na ushahidi wowote. Nilijificha nyuma ya utani kwa kuwa nilijua hataruhusiwa kununa."

Kijani. Kiliwaka hadi nikakiona kwenye miwani ya Bi Mkunde.

"Na ulijua lini kwamba wimbo ni wake?" aliuliza taratibu.

"Miaka sita na nusu iliyopita. Mama yake alinionyesha madaftari."

Kijani tena.

Hakuna aliyecheka. Nilisikia kiti cha Bwana Ngwilizi kikisogea, halafu mlango. Sikumtazama Mihayo. Nilitazama meza, ambayo ilikuwa na doa la chai, na nikalitazama mpaka Bi Mkunde alipomaliza kushauriana na wenzake. Kauli ilifutwa, safari hii kwa sababu ilitolewa bila ujuzi. Rekodi haitafundishwa mashine. Kauli zangu nyingine zote, elfu nne na ushei, zitachunguzwa moja moja. Kishikizo kitolewe hapo hapo. Mtaalamu alikitoa kwa kibano, akanibandikia pamba, akaniambia nisiloweshe kidonda siku mbili.

Nilipotoka Mihayo alikuwa mwisho wa korido, dirishani, ananipa mgongo. Alikuwa amezima taa za kola yake. Simu ameishika mbele ya uso, anaimba "Nta" kwa sauti ndogo, ubeti wa kwanza, wa pili, mpaka mwisho. Nilimsikia mama yake akisema kwa nguvu, kama wasemavyo watu wasiosikia vizuri, "Nimekusikia, baba! Nimekusikia wote!" Nilisimama ukutani nikasubiri. Nilitaka anitukane. Nilikuwa tayari kwa tusi lolote, la mama, la ukoo, la mababu, hata la mbele za watu. Nilimwomba Mungu anitukane.

Akakata simu, akajifuta uso, akaja kwa mwendo wa kawaida. Aliposimama mbele yangu alishika mkoba wangu kwa mikono miwili, akanikabidhi. Kisha akainamisha kichwa kidogo. Kwa miaka saba hakuwahi kuniamkia, kwa sababu mtani haamkiwi hivyo hata akikuzidi miaka hamsini.

"Shikamoo, Bi Sikudhani," alisema. "Nashukuru sana kwa msaada wako."

Hakukuwa na kejeli hata chembe katika sauti yake. Alisubiri, kama anavyosubiri kijana aliyelelewa vizuri mpaka mtu mzima amwitikie.

"Marahaba," niliitikia.